Jiko la peleti limezeeka: ulitengeneze mwenyewe, umwite fundi au ununue jipya?

Jiko langu la peleti lina miaka 16. Katika miaka hiyo nimelifungua mwenyewe mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu, nimemwita fundi mara tatu, na safari moja nilifika hadi kupima ukuta kwa ajili ya jiko jipya, kisha nikaghairi. Njia zote tatu nimezipita, na katika mbili nilikosea.

Tuelewane kwanza. Jiko ninalolizungumzia ni la kupasha joto nyumba, si la kupikia. Linakula peleti, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hadi 8, na bila umeme haliwaki. Jiko la kuni likizeeka hupata ufa au kutu, basi. Hili lina mota mbili au tatu, kiwashio, sensa, swichi za usalama na bodi inayoviamrisha vyote, na kila kimoja huchoka kwa wakati wake. Ndiyo maana kuuliza "lina miaka mingapi?" hakukusaidii sana kuchagua. Uliza kilichokufa ni nini. Kama ni kitu kinachotoka kwa bisibisi na kurudishwa kwa bisibisi, umri wa jiko si hoja. Kama ni mwili wenyewe, yaani chumba cha moto na kuta zinazotenganisha moshi na hewa ya chumbani, hata jiko la miaka 7 laweza kuwa limefika mwisho.

## Hewa kwanza, spea baadaye

Kuna msimu jiko langu lilianza kugoma. Linawaka vizuri, dakika 15 zinapita, moto unalegea, kioo kinaingia masizi, halafu linajizima. Nikasema mchawi ni feni ya moshi, maana ilikuwa ya zamani na asubuhi ilikuwa ikikoroma. Nikaagiza mpya, nikaifunga jioni moja, nikawasha. Dakika 15, kioo cheusi, limezima. Nikabaki na feni ya zamani mkononi, naizungusha kwa kidole, nayo inazunguka bila shida yoyote.

Kesho yake nikafanya nilichopaswa kukifanya mwanzo. Nikachukua bisibisi, nikawa nagonga kuta za ndani za chumba cha moto kwa mpini wake. Upande wa kushoto bati lililia kama kengele. Upande wa kulia lilitoa sauti nzito, ya kitu kilichojaa. Nikakwangua masizi, nikakuta bolti mbili ambazo sikuwahi kuziona tangu nilinunue. Bati likatoka, na majivu laini kama unga yakamiminika hadi kwenye viatu. Nyuma ya bati hilo ndipo moshi unapopita kuelekea kwenye feni, na nafasi iliyobaki wazi ilikuwa ya upana wa vidole viwili. Miaka yote nilikuwa nasafisha kikombe cha moto, yaani kile ambamo peleti huungua, kioo na droo ya majivu. Yaani yale yanayoonekana.

Hesabu yake si ngumu. Peleti za daraja A1 katika ENplus, mfumo wa kuthibitisha ubora wa peleti, hazitakiwi kuzidi asilimia 0.7 ya majivu, na za A2 asilimia 1.2. Mfuko wa kilo 15 wa daraja la kwanza unaweza kukuachia hadi gramu 105, wa daraja la pili hadi gramu 180. Choma mifuko 100 na tayari una kilo 10 na ushee, au 18. Sehemu yake haianguki kwenye droo. Inapeperuka na moshi na kutulia kila mahali moshi unapopiga kona.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha chochote, litazame jiko lako kwa dalili hizi. Moto mrefu, mzito, wa rangi ya machungwa iliyokolea na ncha zinazotoa moshi ni moto unaokosa hewa. Kioo kinachokuwa cheusi ndani ya saa chache, vivyo hivyo. Peleti zinazorundikana kikombeni kuliko zinavyoungua, vivyo hivyo. Moto wenye afya ni mfupi, wa njano angavu, na chembe za peleti hurukaruka ndani yake. Ukiona dalili za mwanzo hizo, usinunue spea yoyote bado.

Chomoa plagi, acha jiko lipoe kabisa, kisha lisafishe kama ambavyo hujawahi kulisafisha. Toa mabati yote ya ndani yanayotoka. Zibua kila tundu la kikombe cha moto. Yale ya chini huzibwa na majivu yaliyoyeyuka yakaganda kama jiwe. Fungua kofia iliyo chini ya kiungo cha T cha bomba la moshi, maana hapo majivu hujaa kimyakimya. Pitisha brashi katika bomba lote. Angalia pia tundu la kuingizia hewa upande wa nje, kwa kuwa wadudu na ndege hulipenda. Majivu yaweke kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko na ukitoe nje, kwani kaa dogo lililozikwa humo linaweza kukaa hai kwa zaidi ya siku moja. Na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi. Majivu haya hupenya chujio lake na kurudi chumbani, na kaa moja lililosahaulika linaweza kuuwasha mfuko wake. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya majivu.

Kwa uzoefu wangu, jiko kuukuu linalosafishwa hivi huacha kugoma mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Likiendelea kugoma, sasa unayo sababu ya kulinganisha.

## Kazi zako na kazi za fundi

Watu wengi hugawa kazi hizi kwa ugumu. Mimi nazigawa kwa kuangalia kitakachotokea nikikosea. Kiwashio ukikifunga vibaya, jiko haliwaki, umepoteza jioni. Kiungo cha bomba la moshi ukikifunga vibaya, kaboni monoksaidi inaingia unakolala, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Hizi si kazi za uzito mmoja hata kama zote zinatumia bisibisi ileile. Na hata ungekuwa fundi kiasi gani, king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe chumbani na betri yake iwe hai.

Kiwashio. Hiki ndicho kinachokufa mapema, na ndicho rahisi kukihukumu. Dalili yake: feni inazunguka, peleti zinashuka, dakika zinapita, moto hakuna. Chomoa plagi, tenganisha nyaya zake mbili, weka mita kwenye ohm. Hesabu ya kutarajia unaipata kwa kuzidisha volti kwa volti kisha kugawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kiwashio. Cha wati 300 kwenye umeme wa volti 230 kitasoma karibu ohm 176. Kwenye volti 120 kitasoma karibu 48. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika na hakuna cha kutibu, badilisha. Kuna kifo kingine cha kiwashio kinachowapeleka watu kwenye bodi bure: fyuzi inaungua kila unapowasha. Tenganisha kiwashio, weka fyuzi mpya, washa. Fyuzi ikivumilia, umemkamata.

Na wakati unasubiri spea, hulazimiki kukaa kwenye baridi. Majiko mengi yanakubali kuwashwa kwa mkono: konzi ya peleti kikombeni, kidogo cha jeli ya kuwashia moto, kiberiti, funga mlango, bonyeza kitufe. Petroli na mafuta ya taa, hapana. Jeli juu ya makaa yaliyo hai, hapana pia.

Hapa nisimame kidogo kwa onyo. Jiko likishindwa kuwaka mara mbili au tatu, kikombe kinakuwa kimefurika peleti. Usibonyeze tena. Peleti nyingi zinazofuka bila moto hujaza chumba cha moto moshi unaoweza kulipuka kwa kishindo pale mwali unapotokea. Ukiona moshi mzito wa kijivu unazunguka nyuma ya kioo, usifungue mlango kuchungulia. Subiri upungue wenyewe, jiko lipoe, toa peleti zote kikombeni, ndipo uanze upya.

Swichi ya hewa. Ni kisahani kidogo chenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye njia ya moshi au chumba cha moto. Kazi yake ni kuhakikisha feni inavuta kabla peleti hazijaruhusiwa kushuka. Peleti zikigoma kushuka huku kila kitu kingine kikifanya kazi, wengi hulaumu mota. Anza na mpira. Uchomoe *kwenye swichi*, kagua kama umepasuka, kisha chokonoa tundu la upande wa jiko kwa waya mwembamba. Ukipuliza mpira ungali umeunganishwa na swichi, unapasua kiwambo cha ndani, na hapo umejitengenezea tatizo jipya. Nimewahi kuona mtu ameziunganisha nyaya mbili za swichi hii moja kwa moja ili jiko "lisisumbue". Kwa sekunde chache za kupima, fundi hufanya hivyo. Kuliacha hivyo ni kuliambia jiko liendelee kulisha moto hata kama moshi hauna pa kutokea.

Kamba ya mlango. Kazi ya jioni moja. Bana karatasi kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka kirahisi, kamba imechoka upande huo. Zunguka mlango mzima, na usisahau mlango wa droo ya majivu. Hewa inayoingia kupitia kamba iliyochoka haipiti chini ya kikombe, kwa hiyo moto unakufa njaa ilhali feni inavuta kwa nguvu zote. Kamba mpya iwe na unene uleule wa zamani na gundi iwe ya kuhimili joto la jiko. Usiivute wakati wa kuibandika, ikirefuka itakuwa nyembamba.

Parafujo na mota yake. Parafujo ndiyo inayozisukuma peleti kutoka kwenye tangi, kama ile ya ndani ya mashine ya kusaga nyama. Mota yake huzunguka polepole sana, na kwa vipindi: sekunde chache inazunguka, sekunde chache imetulia. Kwa hiyo usiitazame kwa nukta tano ukatangaza imekufa. Ikiwa mota inazunguka na parafujo imetulia, tafuta skrubu ndogo inayoziunganisha, huenda imelegea. Ikiwa mota inanguruma bila kuzunguka, itoe kisha zungusha parafujo kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi, mota ndiyo mgonjwa. Ikigoma, kuna kitu kimenasa: peleti ndefu kupita kiasi, msumari, au vumbi la peleti lililoshika unyevu. Hili la mwisho ni baya kuliko linavyosikika. Peleti zilizolowa huvimba, huvunjika kuwa unga, kisha hukauka ndani ya bomba la parafujo zikawa ngumu kama saruji. Niliwahi kutumia Jumamosi nzima na patasi kwa sababu nililiacha tangi limejaa msimu mzima wa joto.

Feni ya moshi. Hapa naona mizani iko katikati. Kuitoa ni rahisi: skrubu sita au nane. Panga zake ukizikuta zimevaa koti la masizi, zikwangue kwa brashi laini, taratibu, maana panga likipinda feni itatetemeka. Kinachowanasa watu ni karatasi ya kuzuia moshi iliyo kati ya feni na jiko, ambayo huchanika karibu kila mara. Agiza mpya kabla hujafungua. Na jambo moja sikulijua mpaka fundi aliponionyesha: feni kuukuu inaweza kuzunguka na bado ikawa imekufa. Beringi zikikauka mota hupungua mwendo. Kwa macho inazunguka, kwa moto haivuti. Inayopiga kelele ikiwa baridi na kunyamaza ikipata joto imo katika safari hiyo.

Feni hii pia ndiyo mpaka wa kutafutia uvujaji. Kabla ya feni, jiko linavuta, kwa hiyo tundu lolote linaingiza hewa ndani: moto unalegea, lakini chumba hakinuki. Baada ya feni, bomba linasukumwa, kwa hiyo tundu lolote linatoa moshi nje: moto ni mzuri, lakini unasikia harufu hasa wakati wa kuwasha. Dalili ya kwanza itibu mwenyewe. Ya pili, kama hujui kufunga viungo vya bomba la moshi kwa silikoni inayohimili joto na kuhakikisha vimeziba, zima jiko na umwite anayejua.

Bodi. Fyuzi yake kagua mwenyewe. Kapasita iliyovimba kichwa au alama ya kuungua unaweza kuiona kwa macho. Zaidi ya hapo mimi husimama. Bodi mpya mara nyingi haiji ikiwa tayari. Inahitaji kuingiziwa takwimu za jiko husika: mwendo wa feni, muda wa parafujo kuzunguka, kikomo cha joto. Ukikosea humo, jiko linawaka, lakini linachoma vibaya msimu mzima nawe hujui kwa nini. Na jambo la kuchekesha kidogo: kila jiko linapogoma, bodi ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kila mtu, pengine kwa sababu haieleweki. Fundi wangu wa kwanza alipokuja, kilichokatika kilikuwa swichi ya joto, ile inayozima jiko likipata joto kupita kiasi, yenye kitufe chekundu cha kubonyeza, lakini yeye tayari alikuwa ameshaniandikia bodi mpya. Nilimuuliza kile kitufe ni cha nini. Akakibonyeza. Tukanyamaza wote wawili.

Hata hivyo nisiwaonee mafundi. Yule wa pili alikuja na manomita, kifaa cha kupima mvuto wa hewa ndani ya bomba, akatoboa kitundu, akasoma namba, akaniambia tatizo liko kwenye kona mbili za bomba langu la nje na si kwenye jiko. Miezi minne nilikuwa natafuta tatizo mahali ambapo halikuwepo. Kwa macho na masikio nisingelijua kamwe. Ukimwita fundi, muulize kwenye simu kama anacho kifaa hicho. Asiyekuwa nacho atakusafishia jiko vizuri, lakini kwa tatizo la mvuto atakuwa anabahatisha kama wewe.

Kwa mwenye haraka, mgawanyo wangu ni huu:

| Kilichoharibika | Wewe mwenyewe | Fundi |
|---|---|---|
| Majivu, kikombe, kioo | Ndiyo, kila wiki na zaidi | Usafi wa mwaka, kama hufiki juu ya bomba |
| Kamba ya mlango | Ndiyo | Hapana haja |
| Kiwashio | Ndiyo, ukiwa na mita | Kama kimegandia |
| Mpira na tundu la swichi ya hewa | Ndiyo | Swichi yenyewe ikiwa haina spea inayolingana |
| Parafujo iliyonasa | Ndiyo, ukiwa na subira | |
| Feni ya moshi | Inategemea mkono wako | Ikiwa baada ya kubadilisha tatizo liko palepale |
| Bodi | Fyuzi tu | Ndiyo |
| Harufu ya moshi chumbani | Zima jiko | Ndiyo, siku hiyohiyo |
| Ufa kwenye chumba cha moto | Usiwashe tena | Aje kuthibitisha tu |

## Spea orijino au ya kufanana?

Kwa jiko lenye miaka zaidi ya 10 swali hili hujijibu lenyewe mara nyingi, kwa kuwa orijino huwa haipatikani tena. Inapopatikana, mimi huchagua kwa kifaa. Kiwashio cha kufanana ni sawa kabisa ilimradi wati, volti, urefu na kipenyo vilingane. Kirefu kwa milimita kadhaa kinaweza kugusa kikombe na kuungua upesi. Kamba ya mlango, vivyo hivyo, unene tu. Swichi za joto za aina ya kisahani huandikwa nyuzi zake mgongoni. Usiweke ya nyuzi nyingine hata kama umbo ni lilelile, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoamua jiko lizime lini.

Feni na mota ya parafujo ni kesi nyingine. Mota ya parafujo ina mwendo wake kwa dakika na upande wake wa kuzungukia, saa au kinyume cha saa. Inayozunguka mara mbili zaidi italisha peleti mara mbili zaidi, na hakuna kusafisha kutakakoponya moto huo. Hapa natafuta orijino kwa bidii, na nikiikosa nasoma kibati cha mota ya zamani neno kwa neno kabla ya kuagiza. Bodi iliyokwishatumika kutoka jiko la aina ileile ni kamari, lakini wakati mwingine ndiyo pekee iliyopo. Ipo pia njia ya kuipeleka bodi ya zamani kwa fundi wa elektroniki abadilishe relei na kapasita zilizochoka. Binafsi naiona bora kuliko bodi ya mtumba, kwa kuwa takwimu za jiko lako mara nyingi zinabaki humo humo.

## Na jipya je?

Jiko jipya lina hoja zake za kweli. Sheria zimekaza: katika Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022 jiko jipya la peleti haliruhusiwi kuingia sokoni likiwa na ufanisi wa msimu ulio chini ya asilimia 79, na Marekani iliweka tangu Mei 2020 kikomo cha gramu 2 za chembechembe za moshi kwa saa. Jiko la zamani huenda linakula mifuko zaidi kwa joto lilelile. Jipya ni tulivu pia. Mwenye kulala karibu na la zamani anajua ninachosema. Na lina dhamana, kitu ambacho hakuna spea itakayokurudishia.

Lakini usililinganishe na jiko lako lilivyo leo, limejaa majivu na kamba imechoka. Lilinganishe na jiko lako likiwa safi. Ukweli mwingine ni kwamba jipya halishushwi tu pale lilipotoka la zamani. Bomba la moshi huenda likawa la kipenyo tofauti, umbali kutoka ukutani ukawa tofauti, ukaguzi ukahitajika, na bima ya nyumba ikataka karatasi. Kisha, la zamani lina swichi za joto unazozipima kwa mita ya kawaida. Jipya likigoma huenda likaonyesha namba ya kosa kwenye skrini na kusubiri mtu mwenye nenosiri la kuingia kwenye menyu ya mafundi.

Kuna hali ambazo sibishani nazo, jiko linatoka. Ufa au tundu kwenye chumba cha moto au kwenye mabomba ya kubadilishia joto: chukua tochi, zima taa za chumbani, mtu mmoja amulike kutoka ndani, mwingine atazame nje baada ya kufungua mabati ya pembeni. Mwanga ukipenya mahali pasipo na tundu la kiwandani, habari imekwisha. Kuchomelea chuma kilichopashwa joto na kupozwa maelfu ya mara ni kununua muda tu, na ufa hurudi pembeni ya mshono. Kutu iliyokula hadi ukibonyeza kwa bisibisi inaingia, vivyo hivyo. Ukuta wa nyuma uliopinda kidogo si hukumu ya kifo, umepinda tu. Bodi isiyopatikana popote wala kutengenezeka, hiyo ni hukumu, hata kama mwili ni mzima kabisa, na inauma.

Kwa yaliyobaki najiwekea mpaka mmoja: spea na kazi za msimu mmoja zikikaribia nusu ya gharama ya jiko jipya pamoja na kulifunga, sinunui tena kabla ya kupiga hesabu upya. Na silichagui jipya katikati ya baridi kali. Nilipopima ule ukuta mwaka ule, ilikuwa usiku, jiko limezima, watu wamejifunika mablanketi sebuleni, na jiko lolote lenye picha nzuri lilionekana la haki. Asubuhi nilikuta mpira wa swichi ya hewa umepasuka mahali unapokunja kona. Nikakata kipande kilichopasuka, nikaurudisha, likawaka.

Sasa lina kamba mpya, kiwashio cha nne, na ile feni niliyoinunua bure bado ndiyo inayovuta. Ile ya zamani nimeisafisha nikaiweka kabatini. Kila mwisho wa msimu namaliza tangi, nafungua zile bolti mbili, nawasha tochi ndani na kuzima taa. Mpaka sasa giza upande wa pili ni kamili.